Pedi za nyuma kwa gari lenye hendibreki ya umeme: huduma niliyoipata Malindi

Kama hendibreki ya gari lako ni swichi ya kubonyeza na si mkono wa kuvuta, usimwache fundi afungue breki za nyuma kabla hajachomeka kompyuta. Naliandika hili mwanzo kabisa kwa sababu magari ya namna hii yamekuwa mengi hapa Malindi: Honda Vezel, Mazda CX-5 za kuanzia 2015, Volkswagen Passat na Tiguan. Na bado wapo mafundi wanaoyafanyia kazi kama wanavyofanyia Probox.

Langu ni Volkswagen Tiguan la 2012. Kila kalipa ya nyuma, yaani kifaa kinachobana pedi kwenye diski, ina mota ndogo mgongoni. Ukibonyeza swichi, mota inazungusha parafujo iliyo ndani ya pistoni, parafujo inasogeza nati mbele, nati inasukuma pistoni, pistoni inabana pedi. Pedi zikiisha, pistoni inakuwa imetokeza sana na haina budi irudishwe ndani ili pedi mpya, ambazo ni nene, zipate nafasi. Hapo ndipo watu wanapoharibikiwa. Ukiisukuma pistoni kwa nguvu na nati bado iko mbele, utavunja gia za mota au utang'oa meno ya parafujo, na hapo utakuwa unanunua kalipa.

Gereji ya kwanza niliyokwenda, fundi alikuja moja kwa moja na klampu mkononi. Nikamuuliza skana, ile kompyuta ya kuchomeka kwenye gari, iko wapi. Akanijibu, "Mama, hii tunairudisha tu, tumeshazoea." Mwenzake akashauri watoe soketi ya mota waipe moto kutoka kwenye betri kwa waya mbili. Kweli mota itazunguka, lakini kompyuta ya gari haitajua nati imefika wapi, na mota ikipitiliza inaweza kukwama huko huko ndani. Nikawashukuru, nikawasha gari nikaondoka.

Niliyempata baadaye ni kijana anayezunguka mjini na begi la vifaa na laptopu. Alinijia nyumbani. Kabla ya kupiga jeki alihakikisha gari liko sehemu tambarare, akaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, kwa sababu kazi hii hufanywa hendibreki ikiwa imeachiwa. Kisha akapima betri, akaniambia imeshuka kidogo na kwamba umeme ukififia mota ikiwa katikati ya safari, kazi inalala. Hakuwa na chaja. Tulisubiri hadi jirani alipotuazima yake, na hapo ndipo ninapomkata nyota moja. Fundi wa hendibreki za umeme chaja ni kifaa chake cha kazi, kama ilivyo spana.

Betri ilipokaa sawa alichomeka waya chini ya usukani, akafungua VCDS, programu ya kuzungumza na kompyuta za Volkswagen, akaingia anwani ya 53, ambayo kwenye gari hili ndiyo kompyuta ya hendibreki, akachagua kundi la 007, amri ya kurudisha nati nyuma. Nyuma kukasikika mlio wa mota zote mbili zikirudi, mlio wa kukwaruza wa sekunde chache tu, kisha kimya. Nati zilikuwa zimeondoka. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango wa dereva, akanigeukia: "Mama, hiyo swichi usiiguse mpaka nikwambie." Ana haki. Mtu akiibonyeza kalipa ikiwa nje, pistoni inatoka bila kitu cha kuizuia.

Baada ya hapo pistoni ilirudi kwa kusukumwa polepole, wima, bila kuzungushwa. Zile kalipa za hendibreki ya kebo ndizo nyingi huzungushwa. Alifungua kifuniko cha chupa ya mafuta ya breki akawa anaiangalia kila mara, maana pistoni ikirudi mafuta yanapanda, na yakimwagika yanakula rangi ya gari.

Upande wa kushoto ndio uliotuchukulia muda. Pedi ya nje ilikuwa imebaki karibu nusu, ya ndani imekwisha hadi chuma. Sababu ni pini ya kuteleza ya kalipa, imeshika kutu. Kazi yangu inanipeleka Gongoni mara kwa mara, kwenye mashamba ya chumvi, na hata anayekaa mjini Malindi anapata upepo wa bahari mwaka mzima. Kalipa isipoteleza, pedi moja ndiyo inayofanya kazi ya mbili. Kijana aliitoa pini kwa kuizungushazungusha, akaisugua kwa brashi ya waya ikang'aa, akaipaka grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida aliikataa, akasema inafura raba, na ni kweli. Nilifurahi mno kuona hilo. Wangapi wanabadilisha pedi tu, pini hawaigusi, halafu baada ya miezi unaambiwa pedi ulizonunua ni feki?

Diski alizipima kwa venia, kipimo cha unene, na kulinganisha na unene wa chini uliochongwa kwenye diski yenyewe. Zilikuwa bado zinafaa, kwa hiyo hakuniuzia mpya.

Baada ya kufunga kila kitu alikanyaga breki mara nyingi hadi kanyagio likawa gumu, ndipo akaingia kundi la 006 kurudisha nati mbele, na 010 la kujaribu. Taa ya dashbodi ikazimika. Tukatoka kwa Barabara ya Lamu, tukawa tunapunguza mwendo taratibu bila kusimama kabisa ili pedi na diski zizoeane, na kwenye mteremko wa daraja la Sabaki nikafunga hendibreki gari likiwa limesimama. Halikusogea.

Wenye Subaru Legacy na Outback za kati ya 2009 na 2014 msitishwe na haya yote: zenu swichi inavuta kebo, na hendibreki ni viatu vidogo vya breki ndani ya diski, kwa hiyo pedi za nyuma hubadilishwa bila kompyuta. Ndiyo maana swali la kumuuliza fundi kwenye simu ni hili: kwa modeli yangu, mota iko kwenye kalipa au inavuta kebo? Anayeijua kazi atakujibu bila kusita.

Malipo ya kazi yalizidi ya gereji ya kwanza, na sikuona uzito kuyatoa. Kilichobaki ni mafuta ya breki, ambayo hunyonya unyevu, na hewa yetu ni ya unyevu. Alishauri yabadilishwe kila miaka miwili, tumeshapanga aje tena, na chaja nimemwambia aje na yake. Nyota nne kati ya tano.