Huduma ya Upatanishi ya Norwe: Hodari wa Kufungua Mazungumzo, Dhaifu wa Kulinda Mkataba

Kila taifa la Ulaya lenye nguvu za wastani hutafuta jambo moja litakalolifanya lisikilizwe na wakubwa, na Norwe, yenye watu takribani milioni tano na nusu, ilichagua kupatanisha mahasimu. Kwa kuwa kazi hiyo huitoa bila ada, si vibaya kuipima kama tunavyopima huduma nyingine yoyote: inampa nini anayeihitaji, na inamwacha wapi.

Sifa yake kubwa ni usiri. Mwaka 1993, wakati mazungumzo rasmi ya Washington yakiwa yamekwama, wajumbe wa Israeli na wa PLO, chama cha ukombozi wa Palestina, walikuwa wakikutana kimyakimya nchini Norwe chini ya kivuli cha taasisi ya utafiti ya Fafo. Terje Rød-Larsen wa Fafo, mwanadiplomasia Mona Juul na baadaye waziri wa mambo ya nje Johan Jørgen Holst waliandaa mahali, wakabeba ujumbe, wakatuliza hasira, lakini hawakuja na mkataba wao mfukoni. Matokeo yalitiwa saini Washington tarehe 13 Septemba mwaka huohuo. Hata hivyo, masuala mazito kuliko yote, yaani Jerusalem, wakimbizi, makazi ya walowezi na mipaka, yaliahirishwa, na yalipofika wakati wake Norwe haikuwa na lolote la kumshinikiza mwenye nguvu zaidi. Anayetaka mdhamini wa kweli hatampata hapa.

Sri Lanka ilionyesha kasoro hiyo waziwazi zaidi. Usitishaji mapigano wa Februari 2002 kati ya serikali na waasi wa Tamil Tigers, ambao mjumbe wa Norwe Erik Solheim aliuhangaikia sana, ulisimamiwa na waangalizi wa nchi za Nordiki, yaani za Ulaya ya kaskazini, wasiokuwa na mamlaka ya kumzuia yeyote. Umoja wa Ulaya ulipowaweka Tamil Tigers katika orodha ya magaidi mwaka 2006, waasi hao walikataa waangalizi kutoka nchi wanachama, wakabaki wale wa Norwe na Iceland peke yao. Serikali ya Sri Lanka ilijiondoa katika makubaliano Januari 2008, na mwaka uliofuata vita vikamalizwa kwa silaha. La kuwapongeza Wanorwe ni kwamba waliagiza tathmini huru ya kushindwa kwao na kuichapisha mwaka 2011. Serikali nyingi zingeifungia kabatini.

Kuwa nje ya Umoja wa Ulaya, uamuzi ambao wananchi waliufanya kwa kura za maoni mwaka 1972 na 1994, kunaipa Norwe uhuru wa kuzungumza na watu ambao wengine wamewapiga marufuku. Fedha za mafuta, nazo, huiwezesha kulipia hoteli na ndege kwa miaka mingi bila kuuliza matunda yako wapi. Lakini mtu asiidhanie kuwa haina upande: ni mwanachama mwanzilishi wa muungano wa kijeshi wa NATO, na mwaka 2011 ndege zake zilidondosha mabomu 588 nchini Libya, jambo ambalo halitajwi sana inapojinadi kama rafiki wa amani.

Kazi yake bora, kwa maoni yangu, ni Kolombia. Mazungumzo kati ya serikali na waasi wa FARC yalizinduliwa Norwe Oktoba 2012, kisha yakahamia Havana, huku Norwe na Kuba zikiwa wadhamini kwa pamoja. Wapiga kura walipoukataa mkataba Oktoba 2016, wapatanishi hawakufunga virago. Pande zote mbili zilirudi mezani na toleo lililorekebishwa likatiwa saini Bogotá tarehe 24 Novemba. Tofauti na Sri Lanka, pande zote mbili zilikuwa zimekwishakata shauri la kuacha vita, na wapiganaji walimwamini mwenyeji wa Havana kuliko ambavyo wangemwamini Mwulaya yeyote. Norwe ilikubali kushiriki nafasi hiyo na Kuba, na ndivyo huduma hii inavyopaswa kutumiwa.