Nyandungu, Kigali: bustani ambayo mwenyeji wake ni maji

Anayeingia Bustani ya Nyandungu, mashariki mwa jiji la Kigali, akitarajia nyasi fupi na bembea za watoto atashangaa kidogo, kwa kuwa mwenyeji hapa ni maji. Eneo hili la takriban hekta 121 lilikuwa ardhioevu iliyochakazwa kwa kilimo na malisho kabla ya kurejeshwa na kufunguliwa kwa umma mwaka 2022. Badala ya kutegemea mifereji ya saruji peke yake, wapangaji waliyaachia mabwawa na mafunjo kazi ya kuyapunguzia kasi maji ya mvua yanayoporomoka kutoka vilimani, ili yaache tope na uchafu humo kabla ya kuendelea na safari yake, na hivyo mafuriko ya mabondeni yapungue. Nilikaa muda mrefu ukingoni mwa bwawa moja nikimtazama kwera akisuka kiota kwenye unyasi uliokuwa ukiyumba. Njia za waendao kwa miguu na za baiskeli zinapitika vizuri. Miti mingi iliyopandwa, ya asili kwa bahati nzuri, bado ni michanga, kwa hiyo kivuli cha saa sita ni haba. Afadhali kufika asubuhi.