Mwani mkavu wa Wando: supu ya siku yangu ya kuzaliwa, mama akiwa hayupo

Nimenunua pakiti ya gramu 100 ya mwani mkavu wa Wando, visiwa vya kusini mwa Korea, ule Wakorea wanaouita miyeok, kwenye duka la Kikorea hapa New Malden, London. Siku yangu ya kuzaliwa ilikuwa imekaribia, ya kwanza tangu mama afariki.

Korea, mwanamke akijifungua hulishwa supu ya mwani, miyeokguk, kwa wiki tatu hivi, kama kwetu mzazi anavyonyweshwa uji wa pilipili manga. Mtoto naye huila supu hiyo hiyo kila siku yake ya kuzaliwa, mpaka uzeeni. Mama alizaliwa Busan, akaolewa Dar es Salaam. Miaka mingine keki haikuwepo, supu haikukosekana hata mara moja. Mwani ulikuja kwenye masanduku ya ndugu zake, akaufungia kabatini. Siku za mtihani tu ndipo alitunyima: mwani unateleza, alisema, na nyinyi mtateleza.

Sasa bidhaa yenyewe. Maelezo yote ni ya Kikorea. Mimi nasoma Hangul, maandishi ya Kikorea, silabi kwa silabi, kidole kikifuata herufi, kama alivyonifundisha mezani, na ndivyo nilivyoisoma pakiti nzima, kwa sauti, peke yangu jikoni.

Jihadharini na kipimo. Ukiwa mkavu unaonekana kiduchu. Ukilowekwa unavimba kama mara kumi. Nilitia nusu pakiti, beseni likafurika. Gramu 20 zinatosha watu wanne. Loweka nusu saa, suuza mpaka maji yatoke safi, kamua, katakata. Kaanga pamoja na nyama ya kifua kwa mafuta ya ufuta, tia kitunguu saumu, sosi ya soya na maji, acha ichemke taratibu.

Harufu ni yenyewe kabisa. Mafuta ya ufuta yalipokutana na mwani ilibidi nizime jiko, nikakaa chini sakafuni, nikalia mpaka nikatulia.

Upungufu wake ni ulaini. Mama hakuamini mwani mwingine ila wa Gijang, kule kwao Busan, mnene, unaotafunika hata ukichemka saa nzima. Huu wa Wando, dakika arobaini umeshalegea. Supu ilikuwa nzuri, ila haikuwa ya mama. Kwa siku za kawaida nitaununua tena bila kusita. Mwakani, kwa siku yenyewe, nitautafuta wa Gijang hata kwa kuagiza. Uliozidi niliuweka kwenye friza, haukuharibika.

Usiku baba alipiga simu kutoka Dar. Kila mwaka mama ndiye aliyepiga, na kabla hata ya salamu huuliza kama nimeshaila supu. Safari hii baba aliuliza yeye, kwa Kikorea chake cha maneno machache: "Miyeokguk meogeosseo?"

Nikamjibu kwa Kikorea. Nimekula, baba. Mabakuli mawili.