Feni au kiyoyozi: joto la Desemba hadi Machi

Kwenye gharama, feni inashinda kwa mbali. Ya kawaida hula wati 50 hadi 75. Kiyoyozi kidogo cha chumba hufika wati 1,000, na uniti za LUKU unaziona zikiyeyuka. Umeme ukikatika, feni ndogo ya sola inaendelea kuzunguka. Matunzo yake ni kufuta vumbi tu. Kiyoyozi kinadai fundi, gesi na kuoshwa vichujio.

Lakini feni haipoozi hewa. Inakausha jasho, na jasho likikauka ndipo mwili unapopoa. Dar es Salaam, mchana wa nyuzi 32 au 33, hiyo inawatosha wengi, hasa ukijipangusa kwa kitambaa chenye maji. Joto likipita nyuzi 40, kama Muscat mwezi Juni, feni inakupulizia moto mwilini. Huko kiyoyozi si anasa hata kidogo.

Nyumbani kuna mzee mwenye ugonjwa wa moyo, au kichanga, na chumba hakipitishi hewa? Ningejibana ninunue kiyoyozi, nikiweke nyuzi 26. Wewe mzima wa afya, mwenye madirisha mawili yanayopokea kaskazi, chukua feni nzuri. Na kama unaishi chini ya bati tupu, anza na dari.