Chipu za DNA zilizopakwa dendrima, uzoefu wangu kwenye kupima mnyauko wa viazi hapa Mbeya

Hizi chipu, yaani vipande vya kioo vya kudondoshea DNA, ninazo tangu mwezi wa kwanza, sikutaka kuandika mapema mpaka nizione kwenye mvua na kwenye baridi, sasa nimeziona kote, mvua ya mwezi wa tatu na hii baridi ya Uyole ya mwezi wa sita.

Kazi yetu ni kupima viazi mviringo vya mbegu, wakulima wanaleta kutoka Umalila, Uporoto, wengine Makete huko, na kinachotunyima usingizi ni mnyauko bakteria. Mkulima anajua kukata shina akalitumbukiza kwenye glasi ya maji akaona uzi mweupe unashuka, na kwa mmea ulioshanyauka hiyo njia iko sawa kabisa, ila kiazi cha mbegu kinaweza kuwa na Ralstonia, bakteria wa huo mnyauko, ndani na nje kimetakata, ukikipanda ndo umeuingiza ugonjwa shambani na kuutoa kwenye udongo ni kazi ya miaka. Kwa hiyo tunakuza DNA ya bakteria kwa PCR, njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi sana, chetu ni cha bezi (herufi za DNA) 282, tunaichemsha nyuzi zitengane, tunaimwaga kwenye chipu yenye DNA ya kunasia, yaani uzi mfupi unaooana na DNA ya bakteria, kama ipo inanasa, tunaweka enzaimu na rangi na doa la bluu linatokea, napiga picha kwa simu. Skana ya leza hatuna.

Mwanzo tulitumia slaidi za kioo za kawaida zenye tabaka moja la silani, kemikali ya kushikishia DNA kwenye kioo, na shida ilikua madoa hafifu. Kuna babu mmoja wa Isongole alikuja, "ugonile mwanangu, nipande nisipande?", na mimi nina doa ambalo sijui niliite doa au kivuli, nikamwambia arudi wiki ijayo. Alilipa nauli mara mbili na mvua ilikua imeshaanza. Iliniuma sana, ndo nikaanza kutafuta kitu kingine.

Sasa hizi. Kioo ni kilekile ila juu yake wamepaka polima (molekuli kubwa) ya matawi inaitwa dendrima, jina limetoka kwenye neno la Kigiriki la mti, na ya kwangu ni ya aina ya PAMAM, kizazi cha 4. Fikiria mparachichi unaopogolewa, kila tawi linatoa mawili, hapa unaanza na mikono 4, inakua 8, 16, 32, mpaka 64, na yote hiyo imo kwenye kitu chenye upana wa kama nanomita 4 na nusu. (Hii PAMAM sio mpya, Donald Tomalia na wenzake wa Dow kule Marekani waliiandika mwaka 1985.) Faida yake ni kwamba kwenye kioo cha kawaida DNA ya kunasia inalala chali juu ya kioo, DNA ya bakteria ikija haipati pa kushika, na ukiosha kwa nguvu nyingine inaondoka na maji, ila kwenye matawi inashikiliwa juu juu, inapata nafasi, na dendrima yenyewe imeng'ang'ania kioo kwa mikono mingi kwa hiyo haitoki.

Nilijaribu hivi, sampuli ileile siku ileile, nikaizimua mara 10, mara 100, mara 1000. Kioo cha kawaida kwenye mara 100 doa lilishapotea, ya dendrima kwenye mara 1000 bado naliona kwa macho, hafifu lakini lipo. Nikarudia siku tatu tofauti, ikawa vilevile.

Ila jamani hii kitu haitaki haraka. Chipu zinakuja mikono yake imeshaamshwa, tayari kushika, na unyevu ndo adui yake mkubwa. Mwezi wa tatu nilitoa pakiti kwenye freeji nikaifungua hapohapo, mvua inanyesha nje, kioo kikafanya jasho, chipu tano zote hazikushika kitu. Siku hizi naitoa asubuhi, naiacha mezani imefungwa mpaka ipate joto la chumba, ndo nafungua, na zinazobaki zinarudi kwenye chombo chenye silika jeli. Mwezi wa sita kinyume chake, hewa kavu, tone linakauka upesi na doa linatoka kama pete, naweka kitambaa kibichi kwenye boksi wakati wa kudondoshea na linatoka duara zuri limejaa.

Kingine, ukishadondosha DNA ya kunasia lazima uizibe mikono iliyobaki, mimi natumia ethanolamini, mana mikono iliyo wazi inashika chochote chenye amini (kikundi cha kemikali chenye nitrojeni) na ile enzaimu ni protini, ina amini kibao. Mara ya kwanza nilifupisha hiyo hatua kwa sababu nilikua na sampuli nyingi, chipu nzima ikawa bluu. Fuata muda wote walioandika, usipunguze hata dakika.

Bei ni kubwa, zaidi ya mara mbili ya slaidi za kawaida, na kutoka Dar zinakuja na basi, kwa hiyo mwambie muuzaji afunge vizuri, mzigo wangu wa pili pakiti moja ilifika imepasuka. Na isitegemewe kufanya miujiza, kama DNA uliyotoa kwenye kiazi imejaa wanga PCR haitafanya kazi na chipu haina cha kunasa, hilo tatizo utalikuta palepale.

Kwa kupima mbegu mimi sirudi kwenye kioo cha kawaida. Yule babu alileta viazi tena mwezi wa tano, madoa yalitoka wazi kwenye mafungu mawili kati ya manne, na majibu yake aliondoka nayo kesho yake.