Ofa za mitaani Mombasa, zikiwekwa kwenye mizani

"Mvua ikipiga bati, chai nusu bei." Ubao wa chaki wenye maneno hayo uko kwenye kibanda kimoja cha chai upande wa Mwembe Tayari, na kati ya ofa zinazotundikwa mjini siku hizi ambazo pesa hazishikiki, hiyo ndiyo iliyopigiwa hesabu vizuri zaidi. Mvua ikianza, wapita njia hukimbilia paa la karibu. Chai imeshachemshwa, na maziwa hayalali. Kikombe cha shilingi 30 kikienda kwa 15 ni afadhali kuliko kumwaga sufuria, na aliyekwama hapo kungoja mvua ipungue ataagiza na kitafunio, ambacho hakina punguzo. Kasoro hujitokeza kila masika: rasharasha nayo ni mvua? Kigezo cha bati kinasaidia, maana usiposikia mlio unalipa bei kamili. Mwenye kibanda asiyetaka ubishi huandika ubaoni dakika ofa ilipoanza na itakapokwisha.

Mahamri matano kwa bei ya manne ni ofa ya kuangaliwa saa yake. Ikianza saa nne asubuhi, chukua: ni yale yaliyobaki baada ya watu kwenda makazini, na muuzaji anataka sinia liishe. Ikianza alfajiri, la tano linatoka kwenye unga wa yale manne. Kilo moja ya unga ikikandwa kwa tui, sukari, iliki na hamira hutoa matonge manane hivi. Kila tonge husukumwa duara na kukatwa vipande vinne, jumla mahamri 32. Anayefidia ofa hukata sita badala ya vinne, au hugawa unga ule ule matonge kumi na kusukuma duara jembamba kama chapati. Hamri jembamba halifuri, kwa sababu mvuke hauna nafasi ya kutenganisha ngozi ya juu na ya chini. Hutoka kavu kama kaki. Lipasue kabla ya kulipa. Zuri lina uwazi katikati, kuta zake ni laini na linanukia iliki. Likikuachia vidole vinavyong'aa, mafuta hayakuwa yamepata moto vya kutosha, likayanywa badala ya kukaangika.

Bakuli la mbaazi linaloambatana na mahamri ndilo hupunguziwa gharama kwanza. Mbaazi huivishwa kwa tui la kupopolea, lile jepesi, kisha kasimile, tui zito la kwanza, hutiwa mwishoni kwa moto mdogo, bila kuacha itokote sana isije ikakatika. Nazi ikipanda bei, kasimile huachwa na rojo hufanywa zito kwa unga. Ngoja ipoe kidogo: yenye nazi hutoa mafuta mepesi juu, yenye unga huganda utando kama uji.

Jaza gesi ya kilo 6 upate mayai mawili: hii inavuta watu Kisauni na Majengo, na ndiyo inayohitaji macho zaidi. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma chake. Weka mtungi uliojazwa kwenye mizani, toa tarakimu hiyo, zibaki kilo 6. Tuseme kujaza ni shilingi 1,200, yaani 200 kwa kilo. Pungufu ya nusu kilo ni shilingi 100, na mayai mawili hayafiki hata nusu yake. Kabla ya kuubeba, paka povu la sabuni kwenye vali. Mapovu yakichipuka, rudisha hapo hapo. (Wapo wanaojaribu kwa kiberiti. Kwa kweli!) Duka linalopima mbele yako bila kuombwa ni bora, mayai yawepo yasiwepo.

Mafuta ya kupima yana mtego mdogo wa maneno. Lita moja ya mafuta ya kupikia ina uzito wa gramu 920 hivi, kwa hiyo kilo ni zaidi ya lita. Duka linalotoza 300 kwa kilo linakuuzia lita kwa 276, na jirani yake anayetangaza "ofa, lita 280" ndiye ghali. Beba chupa yako ya nusu lita yenye alama, na subiri povu la mashine litulie kabla ya kukubali kwamba imejaa.

Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2017, chakula cha kubeba kimekuwa na gharama ya chombo, ndipo hoteli kadhaa zikaanza "njoo na bakuli lako, punguzo shilingi 20". Hii ni ofa safi: muuzaji haachi faida yake, anaacha tu kununua kopo. Ila mwambie apakue kwanza kwenye sahani ya hoteli, ndipo amimine kwenye bakuli. Akipakua moja kwa moja kwenye chombo kidogo, mkono wake husimama kinapojaa, hata kama sahani ingechukua zaidi. Na usiiulizie Ijumaa baada ya swala. Saa hizo biriani hujiuza yenyewe, na punguzo limeshafutwa ubaoni.