Zoom H4essential kwa Msanii Anayepiga na Kuimba Peke Yake

Msanii anayepanda jukwaani na udi au gitaa lake tu akirekodiwa moja kwa moja kutoka kwenye mikisa (mashine ya kuchanganya sauti), mara nyingi sauti yake hutoka kavu mno, bila mwangwi wa ukumbi, na chombo, ambacho ukumbini kilisikika chenyewe bila kuongezewa nguvu, hufifia kabisa. Zoom H4essential, kinasa sauti cha mkononi kilichotolewa mwaka 2024, kinalitatua tatizo hilo vizuri, kwa sababu maikrofoni zake mbili zilizopishana kichwani hunasa ukumbi wakati tundu zake mbili za XLR (plagi ya maikrofoni na mikisa) zikipokea waya wa mikisa, na kila chanzo huhifadhiwa katika faili lake ili mizani ipangwe baadaye kwa utulivu. Kwa kuwa hurekodi kwa biti 32 za floti, yaani mfumo unaobeba sauti ndogo mno na kubwa mno kwa pamoja, shangwe na vigelegele vya ghafla haviikwaruzi kazi kirahisi.

Gharama yake ni nafasi kwenye kadi ya kumbukumbu: stereo (njia mbili za sauti) ya kHz 48 hula takriban GB 1.4 kwa saa. Kinasa kiwekwe kwenye stendi, kwani mguso wa mkono husikika, na nje kivalishwe sponji ya upepo. Asiyetumia mikisa kamwe atatoshelezwa na H1essential, kinasa cha Zoom kilicho kidogo zaidi.